Mbwa huunusa woga wako, lakini hukimbiza miguu yako

Saa kumi na moja alfajiri Ipogolo imeshaamka. Malori yaliyotoka Dar es Salaam yamepumzika chini ya mlima kabla ya kuendelea na safari ya Mafinga, Makambako na Mbeya. Bodaboda na bajaji zinasubiri abiria wa kupanda Iringa mjini. Katikati ya pilika hizo wapo mbwa: wengine wa kufugwa, waliofunguliwa usiku walinde ua, wengine mbwa koko wanaopekua majalala. Mwanafunzi anayekwenda shule gizani na kijana anayepeleka maziwa kwa baiskeli wote wamelelewa na onyo moja: usimwogope mbwa, akinusa woga atakuuma.

Onyo hilo wazazi wamelirithi kwa wazazi wao, na halitolewi Iringa peke yake. Je, lina ukweli? Utafiti wa miaka ya karibuni unatoa jibu lenye pande mbili. Ni kweli kwamba mbwa, na wanyama wengine kadhaa, hutambua mwili wa binadamu unapokuwa na hofu, na pua ni mojawapo ya njia wanazotumia. Lakini hakuna ushahidi kwamba harufu hiyo peke yake humfanya mbwa aume. Mara nyingi kinachomwamsha ni yale tunayoyafanya tukiogopa: kukimbia, kupiga kelele, kurusha mikono, kumkodolea macho.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Onyo la wazee, likiachwa lilivyo, humbebesha mtoto aliyeumwa lawama asiyostahili, na huacha bila kusemwa mambo matatu yanayoweza kuokoa maisha yake: maji, sabuni na chanjo.

Kinachotokea mwilini

Ubongo unapotambua hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, mboni za macho hupanuka na viganja hulowa. Dakika chache baadaye homoni nyingine, kotisoli, hupanda ili mwili ubaki kwenye tahadhari. Hayo yote huanza kabla mtu hajaamua lolote. Ndiyo maana kumwambia mtoto "usiogope" ni sawa na kuuamuru moyo wake usidunde haraka.

Jasho la woga halifanani na jasho la shambani. Mtu akilima juani, jasho hutoka kwenye tezi zilizotapakaa mwili mzima, na sehemu yake kubwa ni maji na chumvi. Hofu huamsha pia tezi kubwa za kwapani, ambazo majimaji yake yana mafuta na protini. Bakteria waishio kwenye ngozi huvunjavunja vitu hivyo, na hapo ndipo harufu inapozaliwa. Pumzi nayo hubadilika. Wanasayansi hawajapata kemikali moja wanayoweza kuiita harufu ya woga, na inaelekea ni mchanganyiko wa nyingi.

Pua inayoweza kuisoma harufu hiyo

Binadamu ana jeni zipatazo 400 zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Mbwa ana zipatazo 800, na tembo wa Afrika anakaribia 2,000, idadi kubwa kuliko ya wanyama wote waliokwisha kuchunguzwa katika utafiti wa aina hiyo. Ndani ya pua ya mbwa mna seli za kunusa zinazohesabiwa kwa mamia ya mamilioni, wakati zetu ni milioni chache tu. Juu ya kaakaa lake ana pia kiungo cha pekee kinachopokea kemikali wanazopashana wanyama wenyewe kwa wenyewe.

Anayetilia shaka uwezo wa pua ya mnyama hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Basi la kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam hupita Morogoro, na huko, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na hutambua kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini angeifanya kwa siku nne hivi. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia kutafuta mabomu, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020.

Kama panya anaweza kutenga makohozi ya mgonjwa na ya mzima, si ajabu mbwa akitenga jasho la mtu mtulivu na la mtu aliyeogopa. Linalobaki ni kujua anafanya nini akishalitenga.

Majaribio yalivyofanyika

Mwaka 2018 Biagio D'Aniello wa Chuo Kikuu cha Naples, Italia, na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa kila swali hili linapoulizwa. Waliwaonyesha wanaume vipande vya filamu, vingine vya kutisha na vingine vya kufurahisha, huku jasho la kwapa zao likikusanywa kwenye pamba. Kisha mbwa 40 waliingizwa mmoja mmoja kwenye chumba kidogo. Ndani alikuwamo mwenye mbwa, alikuwamo mtu mgeni, na kifaa kilichotoa harufu ya jasho la woga, la furaha, au kisichokuwa na jasho lolote. Waliokuwamo chumbani hawakuonyesha hofu yoyote ambayo mbwa angeweza kuiona, kwa hiyo macho yake hayakuwa na la kumwambia.

Mbwa walionusa jasho la woga mapigo ya moyo yao yalipanda na dalili za wasiwasi zikaongezeka. Walimkimbilia mwenye mbwa na kumwepuka mgeni. Walionusa jasho la furaha walimsogelea mgeni zaidi. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia: harufu ya woga haikuwafanya mbwa hao wamvamie mtu. Iliwatia wasiwasi, nao wakatafuta usalama kwa mtu wanayemwamini.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichukua jasho na pumzi za watu 36 kabla na baada ya kupewa hesabu ngumu ya kichwa: kuhesabu kurudi nyuma kutoka 9,000 kwa kupunguza 17 kila mara, mbele ya wasimamizi. Mbwa wanne waliofundishwa waliichagua sampuli ya mtu aliyekuwa kwenye msongo mara 675 kati ya 720, yaani karibu asilimia 94. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Bristol waligundua kwamba mbwa aliyenusa harufu ya mgeni mwenye msongo husitasita zaidi kuliendea bakuli ambalo hana uhakika kama lina chakula. Harufu ile ilimpunguzia matumaini.

Wanyama wengine wameonyesha dalili zinazofanana. Utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2021 uliona ng'ombe na panya wakibadilisha mwenendo walipokutana na jasho la watu waliokuwa kwenye msongo, na mwingine wa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba farasi hutofautisha jasho la woga na la furaha. Mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini anayesema ng'ombe wake hukataa kukamuliwa na mtu mwenye papara hatashangazwa na matokeo hayo.

Macho na masikio nayo yanafanya kazi

Pua ni sehemu moja tu. Mwaka 2009 Linda Keeling na wenzake nchini Sweden waliwataka watu waongoze au wapande farasi mara nne kwenye njia ileile. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Farasi hawakujua habari ya mwavuli, ila mtu aliyekuwa karibu nao alikuwa amebadilika. Pengine mkono ulikaza kamba, pengine mwili ulikakamaa.

Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000, na katika muda huo amekuwa msomaji hodari wa mwili wetu. Huona bega lililopanda, hatua iliyosita na mkono ulioinuliwa. Husikia sauti iliyopanda juu. Mtu anayeogopa hutuma taarifa hizo zote kwa wakati mmoja, na mbwa huziunganisha.

Nasi tunaweza kumsoma yeye. Mtazame mbwa wa jirani unapobisha hodi. Akiwa ametulia, mwili wake ni mlegevu na mdomo uko wazi kidogo. Akiingiwa na wasiwasi, hulamba midomo bila kuwapo chakula, hupiga miayo, masikio hulala nyuma, mkia hubana katikati ya miguu na weupe wa jicho huonekana pembeni. Akikakamaa, akafunga mdomo na kukukazia macho bila kupepesa, hapo amefika ukingoni. Mkia unaotikisika si dalili ya urafiki kila mara, kwani mkia uliosimama wima na kutikisika kwa haraka unaweza kuwa onyo.

Mazungumzo ya mlangoni tunayajua sote. "Hodi! Shikamoo mama, mbwa amefungwa?" "Marahaba mwanangu, pita tu, haumi huyo." Mama hasemi uongo. Anamfahamu mbwa wake anavyokuwa na watu wa nyumbani, lakini hajui atakavyokuwa na mgeni aliyekaza mwili getini. Mwombe amshike kwanza.

Tembo wa Amboseli na simba wa kusini

Ushahidi mzito kwamba wanyama hututathmini umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Katika Hifadhi ya Amboseli, Kenya, watafiti waliwapelekea tembo nguo zilizovaliwa kwa siku tano na Mmasai, nyingine na Mkamba, na nyingine ambazo hazikuvaliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Tembo walikimbia kasi zaidi na mbali zaidi waliponusa nguo ya Mmasai, kwa sababu vijana wa Kimasai huko wamezoea kuwarushia mikuki tembo, na Wakamba ni wakulima. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulionyesha kwamba tembo hao hutofautisha pia sauti za jamii hizo mbili, na sauti ya mwanamume dhidi ya ile ya mwanamke au mtoto. Swali analojiuliza tembo ni kama wewe ni hatari kwake. Kama unamwogopa, hilo halimsumbui.

Hofu inayotawala porini, kwa kweli, ni ya wanyama kutuogopa sisi. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, watafiti waliweka vipaza sauti kwenye mabwawa ya kunywea maji, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba karibu kila aina ya mnyama, kuanzia swala hadi tembo, ilikimbia zaidi iliposikia binadamu wakizungumza kwa utulivu kuliko iliposikia simba wakinguruma.

Je, simba huwachagua waoga? Mkoa jirani wa Njombe ulishuhudia simba wala watu katika miaka ya 1930 na 1940, hadi bwana nyama George Rushby na wenzake walipowamaliza. Baadaye Craig Packer na watafiti wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichunguza mashambulizi ya simba nchini kati ya mwaka 1990 na 2004, ambayo yaliua watu wasiopungua 563, wengi wao katika mikoa ya kusini. Walichokikuta ni nguruwe pori. Nguruwe huingia mashambani, simba huwafuata, na mkulima anayelala kwenye dungu kulinda mahindi hujikuta katikati yao. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mashambulizi mengi hutokea saa za kwanza za usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati giza linapoingia kabla mwezi haujachomoza. Waliouawa walikuwa mahali pa hatari kwa saa ya hatari, na woga wao haukuwa sababu.

Kwa hiyo mwoga ndiye anayeumwa?

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitoa matokeo ya dodoso la watu 694 katika eneo la Cheshire, Uingereza. Watu wenye hulka ya wasiwasi walikuwa wameumwa na mbwa mara nyingi zaidi kuliko watulivu. Magazeti mengi yaliona hapo uthibitisho wa onyo la wazee. Lakini utafiti huo hauonyeshi kipi kilitangulia. Huenda mtu anayeogopa hutenda kwa namna inayomsumbua mbwa, na huenda pia mtu aliyewahi kuumwa hubaki na wasiwasi maisha yake yote.

Tukiunganisha yote haya, picha inakuwa wazi. Woga wako humfikia mbwa kwa pua, macho na masikio, na humwongezea wasiwasi. Mbwa mwenye wasiwasi anaweza kujitetea kwa meno, hasa akiwa amebanwa mahali, amefungwa mnyororo, ana watoto au anakula. Kisha mtu akikimbia, silika ya kale ya kufukuza kinachokimbia huamka. Silika hiyo ndiyo inayomfanya mbwa mtulivu wa alfajiri aikimbilie pikipiki isiyo na woga hata chembe.

Na yupo mbwa ambaye habari za harufu hazimhusu kabisa, naye ni mwenye kichaa. Virusi vikishaufikia ubongo wake, humuuma jasiri na mwoga, mwenye mbwa na mgeni, ng'ombe na hata kipande cha mti. Mtoto aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo hakukosea kuogopa.

Jeraha kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na watoto walio chini ya miaka 15 ni takribani wanne katika kila kumi. Karibu vifo vyote hivyo hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mara nyingi kuliko iliyoripotiwa rasmi, kwa sababu wengi walifia nyumbani. Dalili zikishaanza kwa mgonjwa, kama kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kuumwa na dalili kwa kawaida hupita wiki kadhaa hadi miezi, na katika muda huo ugonjwa unaweza kuzuiwa.

Ukiumwa, au ukikwaruzwa hata bila kutoka damu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uanze chanjo, na umalize dozi zote kwa tarehe utakazopangiwa hata kama jeraha limeshapona. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa kichwani, usoni au mkononi, muulize mganga kuhusu sindano ya kingamwili, ambayo huwekwa kuzunguka jeraha lenyewe. Mtaje mbwa na mwenye mbwa, ili ofisa mifugo amfuatilie mnyama huyo kwa siku kumi. Usisubiri siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo.

Kinga kubwa zaidi iko kwa mbwa wenyewe. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Pemba imethibitisha hilo. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilikifuta kichaa cha mbwa kisiwani, na kiliporudi mwaka 2016 chanjo zikakifuta tena. Kilichowezekana Pemba kinawezekana Iringa.

Kukimbia au kusimama

Kanuni ya "usikimbie" haiwafai wanyama wote, na kukosea hapa kunaweza kugharimu maisha.

Kwa mbwa, simama. Shusha mikono, geuka ubavu kidogo, usimkazie macho, usipige kelele. Akipoteza hamu, rudi nyuma taratibu. Ukiangushwa, jikunje, ficha uso na shingo kwa mikono, ulale kimya. Mwendesha bodaboda asimpige mbwa teke huku pikipiki ikitembea, maana teke humwongezea mbwa ari na huweza kumwangusha abiria. Kupunguza mwendo kunasaidia zaidi.

Kwa simba au chui, usikimbie na usimpe mgongo. Simama wima, jifanye mkubwa, piga kelele, rudi nyuma huku ukimtazama. Kwa tembo, usisubiri akukaribie. Angalia upepo unakoelekea, ondoka upande ambao harufu yako haitamfikia, na umwachie njia. Kwa nyuki, kimbia mara moja ukaingie ndani ya nyumba au gari, ukiwa umefunika uso. Nyuki huvutwa na pumzi, rangi nyeusi na kutikisika, na mmoja akikuchoma huacha harufu ya tahadhari, inayofanana na ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake pale pale. Mtu anayesimama kishujaa mbele ya kundi la nyuki amelifuata onyo la mbwa mahali pasipolihusu.

Haya yote yanaweza kufundishwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuwasimamisha watoto uwanjani na kuwafanyisha zoezi la kusimama kimya, mikono chini, kama wanavyofanyishwa kuvuka barabara kuu. Mtoto hawezi kuzuia jasho la kwapa lake, na asilaumiwe kwa hilo. Miguu anaweza kujifunza kuizuia.

Na siku atakaporudi nyumbani ameumwa, asiulizwe kama alikimbia au kama alimwogopa mbwa. Aulizwe jeraha limeoshwa saa ngapi, mbwa ni wa nani, kisha ashikwe mkono apelekwe kituo cha afya.